Bibi Harusi, Juu!

Katika duka moja la vioo, kioo kikubwa hakiitwi kioo. Kinaitwa bibi harusi. Sababu ziko wazi: hubebwa wima, hasukumwi, halazwi chini, kila aliye njiani humpisha, na akipata mkwaruzo mmoja tu ukoo mzima hulaumiana. Wabebaji ni wanne, wawili huku na wawili kule, glavu mikononi. Mbele yao hutangulia mtu mmoja mikono mitupu ambaye kifaa chake cha kazi ni mdomo. Huyo ndiye mwitaji. Wabebaji hawaoni wanakokwenda. Wanachoona ni kioo na jasho la mwenzao wa upande wa pili. Mwitaji akisema juu, wote huinua kwa pamoja. Akizubaa, upande mmoja hutangulia, na bibi harusi hurudi kwao ndani ya ndoo.

Mwitaji wa duka hilo alikuwa msichana mwenye kigugumizi, mpwa wa mwenye duka.

Wateja wakiambiwa hivyo walidhani wanataniwa, kama mtu kuambiwa kuku wa jirani anapiga mswaki. Mtaani walimwita Sidii, kwa kuwa alikwama mahali pamoja kama sidii iliyokwaruzika. Alipokuwa mdogo, akitumwa mkate, alisimama mbele ya kaunta na "m-m-m" yake, na muuza duka, mtu mwema asiye na subira, alimsaidia: "Maziwa? Mafuta? Mshumaa? Maharage?" Alimaliza rafu zote za herufi em. Siku nyingine Sidii alichoka, akaitikia kwa kichwa kwenye mshumaa, akalipa, akarudi nyumbani nao. Mama yake hakuelewa kwa nini binti huyu anapenda giza la umeme kukatika kiasi cha kujiandaa hivyo.

Lakini mbele ya kioo, neno lilitii. "Bibi harusiiii..." aliivuta ile i kama mtu anayevuta kamba ya kisima, wabebaji wakikaza vidole na kushusha magoti, kisha, "juu!" Likatoka safi, bila kona wala tuta.

"Pale husemi, unaimba," mjomba alimwambia. "Kigugumizi hakijui nyimbo. Sasa usije ukajidanganya kwamba umepona."

Alikuwa hajidanganyi. Ila alikuwa na tamaa moja, na tamaa hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi: alitaka kuingia chuo cha maafisa wa jeshi. Siyo kwa ajili ya buti wala mshahara. Utotoni alipelekwa uwanjani kuangalia gwaride, akamwona afisa mwanamke, mfupi tu kama yeye, amesimama peke yake kwenye majani. Yule afisa alitamka neno moja, na miguu ya kikosi kizima ikagonga chini kwa mshindo mmoja. Neno moja! Na hakuna aliyemuuliza kama alimaanisha mshumaa.

Mwaka jana aliomba, akaitwa kwenye usaili, akaambiwa ataje jina lake. Akakwama. Jina lenyewe alipewa bure, hajalitolea jasho, na bado lilikataa kutoka. Meja mmoja mwanamke kwenye ile meza alimsogezea karatasi na kalamu kwa huruma. "Andika tu, binti." Akaandika. Akaandika vizuri, hata na mstari chini. Wiki chache baadaye alipata ujumbe wa kumshukuru kwa kushiriki, na ujumbe wa shukrani ni kama tabasamu la mwenye nyumba anayekutoa: meno mengi, funguo hakuna.

Sasa alikuwa ameomba tena, na umri wa kuomba ulikuwa unaishia mwaka huo. Kinyozi wa jirani, ambaye hakuulizwa, alimpa makadirio. "Waombaji ni kama mchanga, nafasi ni kama meno ya mtoto mchanga. Na wewe hata hodi unaikata vipande. Kaa na mjomba wako, mdogo wangu, vioo havina usaili."

Mama yake, aliyekuwa anapiga pasi mashuka ya hoteli kwa ujira, alikuwa na hofu nyingine kabisa. Aliitoa jioni moja bila kuinua macho kwenye pasi.

"Kule jeshini kuna lindo la usiku, sivyo?"

"L-lipo, mama."

"Mlinzi akisikia kishindo gizani anauliza, nani hapo. Sivyo?"

"Ndiyo."

"Na asipojibiwa haraka?"

Shuka likatoa mvuke.

"Ndiyo maana nauliza," mama akasema. "Wengine huuawa na adui. Wewe utauawa na herufi. Ziko kazi za kimya, mwanangu. Maktaba. Kufuma. Hata hii pasi, haijawahi kuniuliza jina."

Sidii hakuwa na jibu la kumpa, akaondoka nalo hivyo hivyo, tupu, kama mtu anayebeba sahani isiyo na chakula. Lakini kesho yake alifika dukani mapema na kumwomba mjomba jambo: wabebaji waitwe kijeshi, ili azoee.

Mjomba alikuna shingo. "Jaribu. Kioo kidogo."

Akasimama mbele, kifua nje. "Kioo, kiooo... mguu sawa!"

Mrefu, mbebaji aliyeshika kona ya juu, alisimama wima kama mlingoti. Kobe, mwenzake asiyefanya jambo lolote bila kulitafakari kwanza, alitazama miguu yake kuona ipi ndiyo sawa. Wawili waliobaki wakainua. Kioo kikaenda mshazari, kikalia *kriii*, na mjomba akarukia kona yake akikikumbatia kama mume aliyerudi safari.

"Basi! Basi!" akapiga kelele. "Jeshi lako kule, harusi yangu hapa! Ndani ya duka hili atainuliwa bibi harusi na hatainuliwa mwingine!"

"Mjomba, n-n-nitazoea lini sasa?"

"Utazoea kwa kuinua vizuri. Kama neno linainua, ni amri. Kama haliinui, ni kelele, hata ukivaa nyota kumi."

Kwa hiyo aliendelea na bibi harusi wake, siku baada ya siku, mlango baada ya mlango, mpaka neno lile likamkaa mdomoni kama jino. Hapo ndipo mimba ya kosa ilipotungwa.

Usaili ulianzia uwanjani. Waombaji waligawanywa vikundi, na kila kikundi kilipewa gogo refu la kuvusha juu ya handaki. Kila mmoja alipokezwa uongozi kwa zamu, maafisa wakitazama na kuandika. Kabla ya Sidii aliongoza kijana mmoja mwenye sauti nzito ya kusoma taarifa ya habari. "Haya jamani, tuinue basi, twende, inueni!" Sauti ilikuwa tamu, lakini haikusema lini. Ncha moja ya gogo ilikwenda juu, nyingine ikabaki inawaza, na msichana wa katikati nusura avunjwe kidole.

Zamu ya Sidii ikafika. Alikuwa amekariri maneno rasmi usiku kucha: kikosi, tayari, inua. Akatazama mikono ya wenzake kwenye gogo, akaona vidole vinasubiri, na mdomo wake ukafanya kile ulichozoea kufanya ukiona vidole vinasubiri.

"Bibi harusiiii..."

Afisa mmoja aliacha kuandika.

Neno lilishatoka, na neno likitoka ni kama gundi ya silikoni kwenye fremu, huwezi kuirudisha kwenye kopo. Kurudi nyuma kulikuwa ni kukwama. Akasonga mbele.

"...juu!"

Na gogo likaenda juu. Lote, ncha zote, kwa mara moja. Labda ni ile i ndefu iliyowapa nafasi ya kuvuta pumzi, labda ni mshangao tu. "Bibi harusiiii... hatua! Bibi harusiiii... hatua!" Wakavuka handaki wakicheka kimyakimya, mabega yakitikisika, lakini miguu ikaenda pamoja. "Bibi harusiiii... kaa!" Gogo likakaa ng'ambo kama lililoletwa kwa posa.

Yule kijana wa sauti nzito alimnong'oneza, "Umetuoza kwa mti, dada."

"H-hamkukataa," Sidii akamjibu.

Alasiri aliitwa ndani ya chumba. Meza ile ile. Katikati aliketi kanali mwenye miwani iliyoshuka mpaka nchani mwa pua, na kushoto kwake, meja yule yule wa mwaka jana.

"Taja jina."

Likaja mpaka kwenye meno, likasimama. Sidii akasukuma. Feni ikazunguka. Meja akamtazama, akamkumbuka, na kwa huruma ile ile akamsogezea karatasi na kalamu.

Sidii aliitazama ile karatasi. Ilikuwa mshumaa. Alikuwa ametumwa mkate na mbele yake umewekwa mshumaa, na njia ya kufika nyumbani ilikuwa fupi sana kupitia hapo.

Akairudisha kwa kidole kimoja mpaka upande wa pili wa meza.

"S-s-samahani, afande. N-n-nitasema."

Akasema. Ilichukua muda wake. Alitaja jina la kwanza, akapumzika, akataja la baba, akakwama, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akaruka. Kanali hakutazama saa. Alipomaliza, kanali alisukuma miwani juu.

"Bibi harusi ni nani?"

Akamweleza: kioo, wabebaji wanne, mwitaji. Maneno yalikuja kwa mafungu, mengine yamevunjika kingo, lakini yote yalifika.

"Kwa hiyo ukiita hukwami, ukiongea unakwama."

"Ndiyo, afande."

"Usiku, uko nje ya kambi, unarudi. Mlinzi anauliza, nani hapo. Unafanyaje?"

Sidii alihisi harufu ya shuka lililopigwa pasi. "M-mama yangu aliuliza hivyo hivyo, afande."

"Ukamjibu nini?"

"Sikuwa na j-jibu. Sasa ninalo. Nitaimba, afande. W-wakinipiga risasi, itakuwa ni kwa sababu ya s-sauti mbaya."

Meja aliinamisha kichwa ghafla, akatafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo. Kanali hakucheka. Aliandika neno moja, akafunga jalada, akasema, "Unaweza kwenda."

Siku zilizofuata, hilo neno moja lilimla. Kinyozi alikisia kuwa ni "hapana". Mama alikisia kuwa ni "aimbe". Mama alikuwa ameambiwa jibu lile, akalicheka mpaka akaunguza foronya, kisha akasema angalau sasa lipo jibu.

Ujumbe uliingia wakati mbaya kuliko yote. Walikuwa wamembeba bibi harusi mkubwa kuliko wote wa mwaka huo, kioo cha mbele cha duka la dawa lililokuwa linafunguliwa, na walikuwa katikati ya barabara, magari yamesimamishwa pande zote mbili. Simu ikalia mfukoni mwa Sidii. Wote waliisikia. Mjomba mwenyewe alikuwa kona ya nyuma kushoto, mahali pa mbebaji aliyeugua, uso umebanwa na kioo.

"Ni wao?" sauti ya mjomba ikatoka pembeni ya kioo. "Soma!"

"Baadaye."

"Soma, mtoto, nitakufa na kioo cha watu mkononi!"

"Bibi harusiiii..." Sidii hakugusa mfuko. "Hatua!"

Wakatii. Dereva mmoja alipiga honi, Mrefu akamjibu kwa jina la mnyama, lakini miguu haikupotea. Walipanda ukingo wa barabara, wakapinda, wakamwingiza bibi harusi kwenye fremu yake. "Bibi harusiiii... kaa!" Akakaa. Mjomba akapitisha kiganja kwenye kingo zote nne, akapiga silikoni, akaweka vizuizi. Hapo tu ndipo Sidii alipotoa simu.

Akasoma kimya.

"Eh?" Kobe, aliyekuwa ameshatafakari, akauliza. "Wanasemaje?"

"U-u-u..."

"Umekosa?" Mrefu akasema.

"U-u..."

"Umechelewa?" mbebaji wa tatu akadakia. "Umewekwa akiba? Uombe tena?"

Sidii akainua mkono, kiganja mbele, kama anavyosimamisha magari. Wakanyamaza. Akavuta pumzi, akasubiri neno lake lenyewe lije, kwa miguu yake lenyewe.

"U-umechaguliwa."

Mjomba alivua glavu moja, akaisahau nyingine. Kisha akajifanya kutosikia, mzee mwenye masikio yanayosikia ufa wa kioo kutoka chumba cha pili.

"Wamesema nini? Rudia, magari yalikuwa na kelele."

Akarudia. Safari hii akakwama vibaya zaidi, kwenye u ile ile, akakaa hapo muda mrefu, machozi yakimteremka na neno halitaki. Hakuna aliyemsaidia. Walisimama wote wanne kando ya bibi harusi wao, wakasubiri.