Bomba la Mahindi Kwenye Pamba

Kazi yangu maabarani ni kuchunguza promota, kile kipande cha DNA kinachokaa mbele ya jeni kama mlinzi wa geti. Homoni ikifika, hata chembe isiyoonekana kwa macho, mlinzi anafungua na jeni inaanza kazi. Sumu ikifika, anafungua mageti mengine. Nimeyasoma hayo kwa miaka, na nilikuwa najivuna nayo.

Nilikuwa likizo nyumbani Lalago pamba ilipoingiwa na viwavi. Bomba la baba lilikuwa limetoka kupulizia dawa ya magugu kwenye mahindi. Siku zote, kwa pamba, aliazima bomba la jirani yetu mjane, aliloachiwa na mumewe. Mwaka huo aliniuliza mimi msomi kama kuna haja ya kuazima. Nikamjibu bila hata kugeuka, "Suuza tu mara mbili, baba, inatosha."

Haikutosha. Dawa ile ya magugu inaiga homoni ya ukuaji: mahindi huistahimili, pamba haiwezi. Mabaki yaliyojificha kwenye mpira wa bomba yalifungua kila geti. Baada ya wiki mbili majani mapya yalitoka membamba, yamejikunja kama miguu ya kuku. Nilijua mara nilipoyaona, nikaona aibu.

Baba naye alikuwa na jibu lake. "Huyu mama amekasirika sikuazima bomba lake. Ameipitia pamba yangu na dawa zake."

Akaacha kumsalimia, na maneno yakafika kisimani. Huku kwetu, mjane mzee akishaanza kusemwa mchawi, halali tena usingizi kwa hofu ya mapanga.

Nikamweleza baba ukweli wote. Alisikiliza huku akichambua jani moja vidoleni.

"Basi nyamaza, mayu," akasema. Huniita hivyo, yaani mama, anaponihurumia. "Pamba nitapanda tena. Lakini watu wasije wakasema nimesomesha mtoto aje aniulie shamba."

Nilikasirika sana. Nikanyamaza.

Siku ya kuondoka nilipita kwa jirani, nikapiga goti kumsalimia. Alikuwa amekonda. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Wewe umesoma, mwanangu. Niambie, baba yako nimemkosea nini?"

Nikamwambia sijui.