Chumvi ya Eda

Gari kutoka Lindi lilimshusha Elisha Mikindani, mji asioujua, naye akateremka moja kwa moja pwani kuulizia chombo cha kwenda mdomo wa Ruvuma. Wakamwelekeza kwenye boti ya tanga iliyolala matopeni. Ndani, mwanamke alikuwa akimimina siki ya mabibo kwenye injini, na mwanamume ameshika bomba.

"Polepole, Somoe! Unaitoa chumvi au unaniogesha?"

"Kuoga unahitaji, kaka. Unanuka dizeli tangu Ijumaa."

Elisha akavua viatu, akashika ndoo. Habari aliipata huku akimimina. Boti ilikuwa ya Mohamedi, mume wa Somoe. Mohamedi alifia ng'ambo ya Ruvuma, akazikwa siku ileile karibu na mto. Selemani, kaka wa Somoe, akairudisha boti na kuitia nanga. Somoe akakaa eda nyumbani Likombe, na kwa heshima ya marehemu hakuna aliyeigusa. Maji ya bahari yakalala miezi yote ile kwenye vijia vya kupozea injini, yakaacha chumvi ngumu kama jiwe.

"Mwenyewe angetutukana," alisema Selemani. "Alikuwa hali chakula kabla hajaisuuza kwa maji ya kisima."

Sasa habari zilifika kwamba mto unamega ukingo. Makaburi ya mwanzo yameshaanguka, na la Mohamedi linafuata.

"Tanga halitoshi?" aliuliza Elisha.

"Litatufikisha mdomoni tu," alijibu Somoe. "Mto ule hauingiliki bila injini."

Bahari ilipojaa wakawasha injini. Nyuma ya boti maji yakatoka, mekundu kwa kutu, membamba. Somoe akayakinga kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya mumewe.

"Ya moto. Lakini yanatoka."

"Nusu ya vijia bado vimeziba," Selemani alisema, akamgeukia Elisha. "Tuwie radhi, ndugu. Injini hii haitambeba mtu wa tatu."

Elisha akaitikia kwa kichwa. Akaokota furushi la Somoe lililobaki mchangani, akampa. Lilikuwa jepesi mno.

"Chakula cha njiani, dada?"

"Sanda," alisema Somoe. "Huenda tukamkuta keshafunuliwa."

Boti ikaondoka. Elisha akabaki majini hadi magotini, akisikiliza maji yakikohoa nyuma ya injini. Kila yalipokatika, naye alizuia pumzi.