Buibui wa Pétronille na maua ya pareto

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Pétronille alichovya vidole majini na kunyunyizia udongo wa chungu kilichopasuka mdomo. Kidogo tu. Udongo ukikauka, buibui aliyeishi humo alihangaika. Ukilowa sana, alipanda ukingoni kama anaogopa mto.

Alikuwa buibui wa manyoya, mpana kama kiganja. Alifika Kalembe, kijiji cha milimani penye baridi, ndani ya kuni zilizotoka misitu ya Walikale kule chini, alikozaliwa Pétronille mwenyewe. Tangu afiwe na mume, mama huyu asiye na mtoto alikaa kwa shemeji yake Benoît, ndugu wa marehemu. Alimfunika buibui kwa kitunga, akamletea panzi. Panzi aliyekufa, buibui hakumgusa. Panzi akitikisika tu, miguu yote ya buibui ilitulia, kama inasikiliza. Kumbe anasikia kwa miguu? Pétronille alilima siku nzima akijiuliza.

"Dada, huyo mutoto yako ananyonya nini?" jirani Valérie alimtania.

"Panzi. Na ulimi wa jirani, akiupata."

Mwaka ule mvua iligoma kukatika wakati wa kuvuna pareto, maua yale ya kuua wadudu ambayo Wazungu waliyatafuta sana. Yalianza kuoza uwanjani. Benoît akayaingiza nyumbani, akayatandaza kwenye dari, juu ya moto. Mende wakaanguka chini wenyewe. Nyumba nzima ikafurahi.

Kisha Pétronille akafunua kitunga, akakuta buibui anatetemeka, miguu imejikunja. Akatazama mende sakafuni. Akainua macho darini.

"Shemeji, toa maua."

"Niyapeleke wapi na mvua hii? Pareto ndiyo inatuvisha. Toa munyama yako nje."

"Nje baridi itamuua."

"Afe basi! Iko buibui, haiko muntu."

"Najua. Muntu ningemuuliza anaumwa wapi."

Benoît akacheka. Pétronille alikuwa anafunga nguo zake.

"Unaenda wapi?"

"Kwetu, kule chini. Kuna joto, na pareto haiko."

"Utaacha jamaa ya marehemu kwa sababu ya hicho kitu?"

Pétronille aliinamia chungu. Mguu mmoja wa buibui ulikuwa umekunjuka, unapapasa udongo. Je, mguu huo umesikia nini? Akakifunga chungu ndani ya kitambaa, akakikumbatia kifuani, akatoka mvuani, akashika njia ya Walikale. Valérie alimwita kutoka mlangoni; hakugeuka.

Pareto ilikauka, ikauzwa, ikapandwa tena. Watu wa Kalembe hawakumwona tena Pétronille.