Droo ya R

Mwenyekiti alisimama mbele ya ukumbi, akashusha pumzi, akasema, "Habari." Ukumbi mzima ukaitika, "Nzuri!" Kumbe hakuwa anatusalimu, ndiyo kwanza alikuwa anataja mada. Watu wakacheka, hata mtaalamu wa Kizungu ambaye haelewi kitu naye akacheka. Mimi sikucheka. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemzika dada yangu, na tangu siku ile nilikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila hii ilikuwa ya mwili mzima.

Ulikuwa mkutano wa wataalamu wa mifumo ya taarifa, Iringa, miaka ya sabini. Au mifumo ya habari. Walibishana asubuhi nzima neno lipi ndilo lenyewe, watu wazima na digrii zao, mpaka chai ikapoa. Mimi digrii sina. Nilikuwa karani mkuu wa masjala katika hospitali moja kule Mbeya, na niliitwa kwa ajili ya makala niliyoiandika kabla ya msiba, kuhusu kadi za wagonjwa na uandishi sahihi wa majina.

Usahihi! Ulimi wa kwetu mlimani hauijui R. Jina letu la ukoo, ambalo sitaliandika hapa, baba alilitamka kwa L mpaka anaingia kaburini. Mimi nilipopelekwa shule, mwalimu aliyetoka pwani akaliandika kwa R, akanichapa mpaka nikaweza kulisema. Basi jamani, nikaipenda hiyo R, nikajiona msomi. Nilipokabidhiwa masjala nikaanza kunyoosha majina ya watu. Mzee akija na L yake pale nilipodhani R ndiyo sahihi, namwandikia R, na kadi inakwenda kwenye droo ya R. Nani alinituma? Hakuna. Kiherehere changu tu.

Dada hakusoma. Aliwahi kuchomwa penisilini kwetu pale, akavimba uso hadi macho yakafumba, na daktari akaandika juu ya kadi yake kwa wino mwekundu kwamba asichomwe tena dawa hiyo. Kadi ile niliifungua mimi, nikaitia R. Mwaka uliofuata akaletwa kutoka kijijini, anahema kwa kichomi, maneno yanamtoka kwa shida. Siku hiyo mimi nilikuwa Chimala, kwenye zahanati, nawafundisha wenzangu kupanga kadi. Dirishani alikuwa zamu mama mmoja, mwenzangu wa masjala na jirani yangu mtaani kwetu Soweto, hapo hapo Mbeya. Dada yangu hakuwa anamfahamu. Akamwuliza jina, dada akalitaja kama baba alivyolitaja. Mwenzangu akapekua droo ya L yote, hakuona kitu, akamfungulia kadi mpya. Daktari naye alikuwa mgeni. Akasoma kadi isiyo na neno, akaagiza sindano. Kabla jua halijazama dada alikuwa amekufa.

Jioni hiyo, niliporudi kutoka Chimala, shemeji yangu alieleza kwamba mkewe alishawahi kuvimba kwa sindano hapo hapo, na hospitali nzima ikajua kuna kadi ambayo haikuonekana. Maiti tukapewa, tukaileta kwangu. Asubuhi, wakati wanawake wanamwandaa, nilikwenda ofisini kufuata cheti cha kifo. Nikavuta droo ya R. Kadi ilikuwa mahali pake, haijakunjwa hata pembe. Nikaisukuma droo, nikaenda kuzika.

Katibu wa hospitali, bosi wetu, alitaka mtu wa kubebeshwa lawama, akampata upesi. Mwenzangu aliandikiwa barua ajieleze kwa nini hakutafuta kadi ipasavyo, na ilijulikana kwamba tukitoka Iringa anaachishwa kazi. Mjane yule, watoto wanne. Mimi nikanyamaza. Ningesema niliogopa, lakini hata hofu sikuisikia. Kila mtu alikuwa ananipa pole, na pole zile nilizizoea. Nilikula, nililala, nikapanda basi moja na Katibu, nikamwachia kiti cha dirishani.

Siku ya pili walitupeleka Kalenga kuona makumbusho. Nikasimama mbele ya kabati la kioo, nikasoma kibandiko, nikakirudia, sikushika hata neno. Mchana wataalamu wakaendelea. Mzungu alituonyesha ukutani picha za kompyuta yake, akasema inakumbuka majina ya mji mzima. Msomi mmoja kutoka Dar es Salaam akasema tatizo la nchi yetu ni makarani wazembe.

"Kweli kabisa, ndugu," Katibu akadakia. "Mimi ninaye mmoja, wiki ijayo namalizana naye."

Zamu yangu ikafika. Nilisoma makala kama mtu anayesoma orodha ya vifaa, mpaka nikafika kwenye sentensi niliyoionea fahari wakati naiandika: kwa utaratibu huu, hakuna kadi inayopotea. Nikakwama hapo. Mzungu alidhani nasubiri maswali, akaongea, na mkalimani akageuza: "Ndugu, anauliza, unajuaje kwamba haipotei?"

"Niliiona," nikasema.

Nikaeleza yote, ya L na ya R, ya wino mwekundu, ya asubuhi ya mazishi. Sauti haikutetemeka. Katibu akasimama. "Ndugu, kaa chini. Una msiba, hujatulia."

"Msiba ninao, Ndugu Katibu. Lakini kadi niliiweka mimi. Yule mama hana kosa. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano."

Ikaandikwa. Mzungu akamnong'oneza mkalimani. "Anauliza," mkalimani akasema, "kwani L na R haziwezi kukaa droo moja?" Msomi wa Dar es Salaam akasema wazo zuri sana. Wengine wakaafiki, mwenyekiti akalipitisha, tukaenda kunywa chai. Hata dakika tano hazikufika. Nilishika kikombe nikingoja machozi, na hayakuja.

Tuliporudi Mbeya, barua ya mwenzangu ilifutwa na ya kwangu ikaandikwa. Ukarani mkuu nikavuliwa. Sawa tu. Lakini jioni ile ile ya kurudi, kabla barua wala maneno ya watu hayajamfikia, nilikwenda kwa mwenzangu. Alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharage, akanisogezea kigoda. Nikamweleza. Akaendelea kuchambua, mawe huku, maharage kule.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu asubuhi ya mazishi."

"Asubuhi ile ile?"

"Ndiyo, mama."

Akauweka ungo chini.

"Asubuhi ile nilikuwa ndani kwako, namwosha dada yako," akasema. "Nilimwosha mwili mzima huku namwomba anisamehe."