Mashine Aliyoiita Mwanangu

Pale ofisi ya maji wote walimwita Mama Barua, na jina lilimkaa barabara. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akichapa barua za wakubwa, wala hakutokea wa kumfikia kwa kasi. Lakini msimwone vile, jamani. Mwaka wa pili sasa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, hata vifungo vya blauzi alifungiwa na bintiye.

Siri hiyo waliijua watatu tu: yeye, bintiye, na mkwewe fundi wa kompyuta. Mkwe huyo alikaa Jumapili nzima akiifundisha mashine maneno ya mama mkwe. Mama akisema, "Amka, mwanangu," inafunguka barua tupu yenye nembo ya ofisi. "Andika kama jana," majibu ya wateja yanajipanga yenyewe, jina na tarehe. "Haya, nenda salama," printa inatoa. Alikuwa na chumba chake, akifunga mlango kazi inakwenda chapuchapu. Waliomsikia kwa nje walidhani anasali.

Kisha akaja mkuu mpya. Sijui nani huwadanganya wakubwa kwamba ukuta ni adui wa kazi! Kuta za mbao zikang'olewa, wote wakawekwa ukumbi mmoja, na juu yake amri ya kunyamaza. Mama Barua akabaki kujiuliza. Wakijua hana vidole, watamweka wa nini?

Jumatatu asubuhi mkuu akaja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Mama, naomba ile barua ya wizarani. Naisubiri hapa hapa."

Mama Barua akaweka vidole kwenye vitufe. Vikagoma. Akakazana, zikatoka herufi nne za ovyo. Aibu iliyoje, mbele ya watu aliowafundisha kazi mwenyewe! Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Amka, mwanangu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Lakini barua ikafunguka, na mkuu akatoa macho.

"Hee! Kumbe!" Hakukasirika, na hapo ndipo Mama Barua alipoogopa hasa. Mkuu akamgeukia dada wa mapokezi. "Hebu jaribu wewe."

"Amka, mwanangu," yule dada akasema huku akijizuia kucheka.

Mashine ikaamka. Haikuuliza nani anaita. Mama Barua akaona uchungu kama kapigwa kofi na mtoto wa tumbo lake.

"Safi sana! Kumbe yeyote anaweza," mkuu akasema, akamwekea kalamu na karatasi mezani. "Mama, tuandikie maneno yote hapa, mwenzio ajifunze. Wewe ukapumzike, umetumikia vya kutosha."

Mama Barua akaitazama kalamu. Mara ya mwisho kuishika ilikuwa lini? Akaisukuma polepole kwa kiganja, mpaka mbele ya dada wa mapokezi.

"Andika, mwanangu," akamwambia. "La kwanza umeshalijua."