Hati ya Mahakama na Chai ya Murdena

Effie Beaton aliendesha basi la shule hapa kisiwani Cape Breton, Kanada, miaka thelathini, barafu haimtishi. Kinachomshinda ni kikombe cha chai.

Alinunua kiwanja kwa Murdena Gillis na kaka yake Hector, akajenga, akahamia. Mwaka wa pili jirani, Lauchie, akamshtaki: kisima kilichomo kiwanjani ni changu, marehemu mzee Gillis, baba ya hao waliokuuzia, alinipa kwa mdomo. Bila kisima hicho nyumba ya Effie haina maji. Wakili akamwonyesha mkataba. Wauzaji waliahidi kumfidia endapo mtu atadai sehemu ya ardhi ile.

“Waunganishe kwenye kesi,” wakili akasema. “Hati hii iwafikie kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo hasara ni yako peke yako.”

Aliona aibu kuwatumia wazee wale mtu wa mahakama, akaenda mwenyewe. Hapo ndipo alipoharibu. Kwetu huingii jikoni kwa mtu ukakataa chai, na ukishainywa, utamtoleaje karatasi ya mashtaka? Jumatatu alirudi na hati mkobani na biskuti za shayiri mfukoni. Jumatano vilevile. Mimi binamu yake nilimwambia ni mjinga, akanuna.

Ijumaa nilimsindikiza, nihakikishe hanywi. Murdena akamsogezea kikombe.

“Leo sinywi, Bibi Murdena.”

Hector akavua kofia. “Nani kafa?”

“Hajafa mtu.” Akaiweka hati mezani, machozi yanamlengalenga. “Nimewashtaki. Nisameheni.”

Murdena akavaa miwani, akasoma hadi mwisho bila haraka.

“Lauchie hasemi uongo,” akasema. “Baba alimpa kisima.”

“Mlijua?”

“Tulijua, mwanangu. Unadhani kile kifungu cha fidia tulikiweka cha nini?”

“Si mngeniambia!”

“Ungenunua?”

Effie akatia biskuti mdomoni. Nikatamani kumjibia, lakini na mimi nilikuwa na biskuti mdomoni.

“Mchimba visima tulishaongea naye tangu Lauchie aanze kelele,” Hector akasema. “Tulikuwa tunangoja hati tu, akuchimbie kingine. Jumatatu umekuja, umekula, umeondoka. Jumatano hivyohivyo.”

“Jana nikampigia simu asije,” Murdena akasema. “Nikamwambia Effie ana roho nzuri, ametusamehe.”