Ng'ombe wa Beldina Hakulazwa

Beldina Mukhwana alipata shamba lake Likuyani mwaka mmoja baada ya uhuru, pamoja na ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, aliyemwita Malkia. Alikuwa mjane, Mama Jescah kwa majirani, mwenye kicheko kilichosikika hadi ng'ambo ya mto, na Malkia alikuwa amezoea kukamuliwa huku akisimuliwa vituko.

Akiwa na mimba kubwa, Malkia alikanyaga kipande cha seng'enge kikazama katikati ya kwato. Mguu ukavimba. Kila aliyeugusa alipigwa teke. Beldina akatuma ujumbe Kakamega, na Erastus, daktari wa mifugo, akaja kwa pikipiki.

"Mdunge sindano ya usingizi," alisema Cleophas, jirani aliyewahi kuchunga ng'ombe wa mzungu. "Kule walikuwa wanawalazanga hivyo."

Erastus alitikisa kichwa. Chuoni walikuwa wamepasua kondoo waliopewa dawa kama hiyo wakiwa na mimba.

"Maini yalikuwa yamevimba na kubadilika rangi, figo nazo zimeharibika," alieleza. "Na dawa haibaki kwa mama peke yake, Mama Jescah. Inapita kwenye damu mpaka kwa ndama. Tena akianguka na tumbo hili, tunaweza kuwapoteza wote wawili."

Beldina akampapasa Malkia tumboni. "Sasa tufanyeje, Daktari?"

"Nitautia ganzi mguu tu. Lakini lazima atulie nikimdunga."

Wakaufunga mguu kwenye nguzo. Beldina akamkumbatia Malkia shingoni, akaanza kumsimulia siku ya harusi yake, jinsi bwana harusi alivyojitia nguvu kumbeba avuke kijito asilowe. Alipofika pale walipotumbukia wote wawili na shela ikaelea, akaangua kicheko. Cleophas naye akacheka, nusura aachie kamba. Malkia akalegeza masikio, akaanza kucheua. Erastus akadunga, akangoja, kisha akaivuta ile seng'enge. Usaha ukamwagika.

"Imetoka!" akasema Erastus.

Wiki chache baadaye Malkia alizaa Jumapili asubuhi, wanawake wakipita kuelekea kanisani. Ndama jike akasimama akitetemeka, akaanguka, akasimama tena, akatafuta chuchu. Wanawake wakapiga vigelegele, wakaikosa ibada nzima.

Erastus alipokuja kumkagua ndama, alimkuta mzima wa afya. Hakuruhusiwa kuondoka kabla ya kula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku. Sahani ya pili ilipowekwa mbele yake alisema ameshiba. Beldina akamwongezea mchuzi.